AKIBA YA PICHA NA MAANDISHI YA NYUMBANI

Mkulima mwenye busara hali mahindi yake yote. Huchagua yaliyo mazuri kuwa mbegu, akayatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Mengine huyaweka ghalani, tena mengine humpelekea ndugu yake wa kijiji cha pili amtunzie. Asiyejua atasema, "Mbona anajisumbua hivi? Mbegu si ni zile zile?" Lakini siku nyumba itakapoungua pamoja na ghala, ndipo atakapofahamu. Mbegu zilizo kwa ndugu zitapandwa mvua inyeshapo, na watoto hawatalala na njaa. Ndiyo maana wazee walisema: Akiba haiozi.

Leo tutajifunza habari za akiba ya namna nyingine. Katika nyumba nyingi za siku hizi picha za jamaa hazimo tena katika vitabu vya picha. Zimo ndani ya simu au kompyuta, pamoja na barua, vyeti na hesabu za nyumba. Picha maelfu hukaa katika chombo kisichozidi kiganja cha mkono. Hiyo ni faida kubwa, lakini ina hatari yake. Maana vitu vilivyokusanywa mahali pamoja hupotea pamoja.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kwa uchungu. Picha za marehemu baba yetu zilikuwa katika kompyuta moja tu, kwani zile za karatasi zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Asubuhi moja tuliiwasha, ikatoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Fundi akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Kompyuta nyingine tulinunua, lakini picha hazinunuliki. Mdogo wangu alikuwa mtoto mchanga baba alipofariki. Hata leo hana picha imwonyeshayo uso wa baba yake.

Kwa nini chombo kizuri huharibika ghafula? Ndani ya kompyuta nyingi za zamani mna diski yenye sahani nyembamba, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya sahani hizo hupita kichwa kidogo kisomacho maandishi, bila kuzigusa. Kompyuta ikianguka au kugongwa, kichwa chaweza kuzikwaruza, na yaliyoandikwa yakapotea. Ziko diski za namna mpya zisizo na kitu kizungukacho, lakini hizo nazo huweza kufa bila kutoa dalili. Tena uko wizi, uko moto, yako maji, na iko mikono yetu wenyewe ifutayo kwa makosa.

Hata wataalamu wakubwa wamepatwa na msiba huu. Mwaka 1998, huko California katika Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu iitwayo Toy Story 2, hadithi ya wanasesere. Siku moja amri ya kufuta mafaili ilitolewa kwa makosa. Wafanya kazi wakashangaa kuona kofia ya mwanasesere mmoja imetoweka, kisha viatu vyake, kisha yeye mwenyewe. Muda si muda karibu sehemu tisa katika kumi za filamu zilikuwa zimepotea. Wakaikimbilia akiba yao, wakakuta haikuwa ikifanya kazi vema, wala hakuna aliyegundua mapema.

Ndipo mmoja wao, mama aitwaye Galyn Susman, alipokumbuka jambo. Yeye alikuwa amejifungua mtoto, akawa anafanya kazi nyumbani, na kwa sababu hiyo alikuwa na nakala ya filamu katika kompyuta yake. Wakaenda kwake, wakaifunga kompyuta ile katika mablanketi kama mtoto mchanga, wakairudisha kazini kwa gari polepole. Filamu ikapona kwa nakala ile, na mwaka 1999 watu wakaitazama.

Basi, tufanyeje nyumbani? Iko kanuni nyepesi ya tatu, mbili, moja.

Tatu: kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, yaani ile ya asili na nyingine mbili.

Mbili: nakala hizo zikae katika vyombo vya namna mbili, kwa mfano kompyuta na diski ya nje, wala si zote katika chombo kimoja.

Moja: nakala moja ikae mbali na nyumba. Yaweza kuwa diski iliyowekwa kwa shangazi, au nafasi iliyokodiwa katika kompyuta za mbali kwa njia ya intaneti.

Yako mambo mengine matatu ya kuangalia. Kwanza, diski ya nje ikiisha kupokea nakala, ichomolewe. Ikiachwa imeunganishwa, kirusi kikiingia katika kompyuta chaweza kuharibu vyote viwili. Pili, msidhani kwamba kila picha ionekanayo katika simu na katika intaneti ina akiba. Mara nyingi vyombo hivyo vimefungamanishwa, hata ukifuta huku, hufutika na kule. Tatu, ijaribuni akiba yenu. Fungueni picha chache mtazame kama zafunguka, maana ghala lisilochunguliwa huenda limejaa fukufuku.

Chagueni siku moja ya kila mwezi iwe siku ya akiba. Mtoto wa shule aweza kuwasaidia wazazi wake kazi hii, baada ya kupata ruhusa yao. Waulize ni picha zipi wasizoweza kukubali zipotee, uanze na hizo. Andika na jina la kila mtu aliyemo, na mwaka. Kwa maana picha ya babu isiyo na jina, baada ya miaka mingi, ni picha ya mgeni.

Kazi yenyewe haizidi saa moja. Lakini majuto ni mjukuu, huja kinyume, na ajapo huwa hayana dawa.

MASWALI
1. Kwa nini mkulima haweki mbegu zake zote mahali pamoja?
2. Eleza jinsi diski ya kompyuta iwezavyo kuharibika ikianguka.
3. Akiba ya kampuni ya Pixar ilikuwa na kosa gani? Ni nini kilichoiokoa filamu?
4. Taja sehemu tatu za kanuni ya akiba.
5. Andika barua kwa ndugu yako aliye mbali, umwombe akutunzie nakala ya picha za jamaa, ukimweleza sababu.