SOMO KWA WAMAMA: BARIDI YA USIKU NA MBOGA ZA BUSTANI

Wamama wa kliniki, leo hatusemi juu ya chanjo. Tunasema juu ya bustani. Mtoto aliyetimiza miezi sita anahitaji majani ya kijani yaliyopikwa na kupondwa vizuri, maana vitamini A inalinda macho yake na kumsaidia kupigana na magonjwa. Bustani ikiungua na baridi, sahani yake inabaki na bukari peke yake.

Huku kwetu Katanga ya kusini, Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Mwezi wa 6 na wa 7 ndiyo ya baridi kali. Usiku mbingu zikiwa safi, hakuna wingu wala upepo, joto la udongo linapanda na kupotea. Hewa ya baridi ni nzito. Inatelemka kama mayi mpaka kule dembo, mahali tunalima mboga. Ndiyo maana lengalenga la dembo linaungua, na la jirani kwenye mteremko linabaki zima. Wengine wanasema jirani ameroga. Jirani hana kosa! Mayi ndani ya jani yaliganda, yakalipasua. Jua likitoka, jani linalegea na kuwa jeusi kama limepikwa.

Shu, vitunguu na karoti zinavumilia. Tomati, maharagi, matembele, maboga na lengalenga, hapana. Zile uzipande juu kidogo ya bonde. Tena siku mbili tatu za joto zisikudanganye kuhamisha miche ya tomati. Baridi inaweza kurudi, hata mwezi wa 8.

Jioni ukiona mbingu safi na upepo umetulia, funika mbele ya jua kuzama, wakati udongo ungali na joto. Simika miti midogo kando ya tuta, weka fito juu, kisha majani makavu ao magunia yafike mpaka chini. Yasiguse mboga. Asubuhi jua likipanda, ondoa. Mwagilia asubuhi, si jioni: udongo wenye mayi unashika joto la mchana na kuliachilia polepole usiku. Na yale majani makavu uliyotandaza chini ya mboga, siku za baridi yasukume kando, maana yanazuia joto la udongo kupanda. Hii wengi hawaijui.

Lakini sikieni vizuri: hapana kufunika bustani na chandarua. Chandarua chenye dawa ni cha kitanda. Tomati haigonjwi malaria. Blangeti la mtoto vilevile libaki nyumbani. Na hapana kuingiza mbabula ya makala ndani ya chumba cha kulala na kufunga mlango. Makala yanatoa hewa mbaya isiyoonekana, isiyo na harufu, inayoua watu katika usingizi. Mtoto mvalishe nguo kavu, umfunike vizuri, inatosha.

Kama barafu imekwisha kupiga, using'oe yote siku ile. Ngoja siku chache. Muti ulio hai chini utatoa machipukizi. Lengalenga lililokufa kabisa, panda lingine upesi: kisha majuma manne ao zaidi kidogo utachuma. Katika kungoja, mpe mtoto papai bivu, ao viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, kama viko sokoni.