Barua ya Mapendekezo kwa Anayeomba Kusomea Udaktari wa Meno

Kila msimu wa udahili unapowadia, vijana, na mara nyingine wazazi wao, hufika katika kliniki za kinywa na meno mjini Musoma wakiomba barua ya kupeleka chuoni. Wengine hutoka Bunda au Butiama. Wapo wanaoitafuta barua hiyo pasipo haja, na wapo wanaoihitaji lakini huiomba kwa mtu asiyefaa.

Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita anayeomba Shahada ya Udaktari wa Kinywa na Meno katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kinachopimwa ni ufaulu wake katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa mujibu wa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Barua ya daktari, hata awe bingwa, haimwongezei alama. Anayemwambia mzazi kwamba barua hununua nafasi anamdanganya, na mtumishi wa umma anayedai fedha ili aiandike aripotiwe TAKUKURU.

Mkanganyiko mwingine hutokana na kuchanganya nyaraka tatu. Barua ya utambulisho hutolewa na serikali ya mtaa au kijiji, nayo huthibitisha makazi. Ruhusa ya masomo hutolewa na mwajiri. Tabibu wa meno aliyeajiriwa na halmashauri hawezi kuondoka kituoni bila hiyo. Barua ya mapendekezo huandikwa na mdhamini, yaani mtu anayeufahamu uwezo wa mwombaji. (Mdhamini huyu si yule wa mahakamani wala wa mkopo; hadaiwi kitu ila ukweli.)

Barua hii ya tatu huhitajika zaidi katika maombi ya shahada ya uzamili, ufadhili wa masomo na vyuo vya nje. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, na maelezo ya mdhamini kwa kawaida hutoka shuleni kwa mwombaji. Marekani, ambako wengi huanza udaktari wa meno baada ya kumaliza shahada nyingine, mfumo wa pamoja wa AADSAS hupokea hadi barua 4 kwa mwombaji mmoja.

Je, nani aiandike? Wengi hukimbilia cheo. Kwa maoni yangu, barua ya msimamizi aliyemwona mwombaji kazini kwa miaka miwili ina uzito kuliko ya mkurugenzi aliyekutana naye mara moja. Kusema kwamba fulani ni mwadilifu na mchapakazi hakumsaidii msomaji, maana barua zote husema hivyo. Tuchukue mfano wa kufikirika. Baadhi ya vyanzo vya maji mkoani Mara vina floraidi nyingi, na watu waliokulia kwenye maji hayo hubaki na madoa ya kahawia kwenye meno. Mara nyingi huambiwa kuwa hawapigi mswaki. Tabibu anayemweleza mgonjwa kwamba madoa hayo yaliingia wakati meno yakijijenga utotoni, kwamba kusugua kwa nguvu hakutayaondoa, kisha akauliza watoto wake wanakunywa maji gani, ameonyesha maarifa na utu kwa pamoja. Mdhamini aandike tukio la namna hiyo, bila jina la mgonjwa wala lolote litakalomtambulisha, hata kijijini kwake.

Asiyemfahamu mwombaji vya kutosha amkatalie mapema na kwa upole. Kukubali, kisha kuandika mistari minne mikavu, ni kumdhuru kimyakimya.

Lipo pia jaribu la mkuu wa kituo mwenye tabibu mmoja tu wa meno kuichelewesha barua ili asimpoteze. Wasiwasi wake juu ya wagonjwa ni wa haki, lakini mahali pake ni kwenye mazungumzo na halmashauri kuhusu ruhusa na mtu wa kushika nafasi. Kwenye barua ya mapendekezo haumo.

Mwombaji naye ampe mdhamini angalau wiki tatu, pamoja na nakala za matokeo, wasifu wake na tarehe ya mwisho. Aulize pia ni anwani gani ya barua pepe anayoifungua kila siku: vyuo vingi humwandikia mdhamini moja kwa moja, na ujumbe usiofunguliwa huyaacha maombi pungufu.