Swali Lako Lifike Darasani: Kujifunza Utetezi wa Imani Ukiwa Maua

Kijana mmoja anayefunga miraa hapa Maua aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Sadaka yake hupokelewa kanisani kila Jumapili, kisha mhubiri aliyeipokea hupanda mimbarini akaulaani mmea ulioileta. "Sasa mwalimu, Mungu yuko upande gani?" Hakuwa akidhihaki. Alitaka jibu la kumwezesha kuendelea na kazi ile, au kuiacha, akijua sababu.

Hilo ni swali la mtazamo wa ulimwengu: dunia ni ya nani, kazi ni nini, jema na baya hupimwa kwa kipimo gani. Kulijibu kwa hoja ndiko kunakoitwa utetezi wa imani. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mihadhara ya uwanjani, watu wa dini mbili wakirushiana aya kwa vipaza sauti. Lakini Waraka wa Kwanza wa Petro, 3:15, unaomtaka Mkristo awe tayari kueleza tumaini lake, unamtaka afanye hivyo kwa upole.

Siku hizi masomo ya utetezi wa imani yanafundishwa mubashara mtandaoni, na mtu aliye Maua, Laare au Kangeta anaweza kuketi darasa moja na walio Nairobi au London. Nayapenda madarasa haya kwa sababu moja tu: mwalimu anaulizika. Video iliyorekodiwa haiulizwi. Basi kabla ya kulipa karo, taka kujua wanafunzi ni wangapi na maswali yametengewa dakika ngapi. Darasa la watu mia tatu ambalo mwalimu huongea saa nzima kisha akaaga ni mahubiri, hata likiitwa kozi. Omba kuhudhuria kipindi kimoja bure. Omba pia kuona mada zote na msimamo wa imani wa wanaofundisha, kwa maana Mkatoliki, Mmethodisti na Mpentekoste hawatakujibu sawa kila mahali. Kama unatafuta digrii, hakikisha chuo cha hapa Kenya kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Cheti cha wiki nane kina faida yake, ila si digrii.

Jambo la saa limewatoa wengi darasani. Mimi mwenyewe niliwahi kujiandikisha kwenye darasa la ng'ambo lililotangazwa kuwa la 19:00. Nikaketi na daftari saa moja jioni, skrini ikabaki tupu. Tangazo halikusema ni saa ya wapi, na kumbe ilikuwa ya New York. Saa moja jioni ya huko ni saa tisa usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa nane usiku kuanzia Machi hadi mapema Novemba, wanapokuwa wamesogeza saa mbele. Saa moja jioni ya London ni saa nne usiku kwetu, au saa tatu kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Sisi hatusogezi saa. Bandika ukutani karatasi yenye saa ya Kenya, na uihakiki upya miezi hiyo.

Kuhusu bando: darasa la video laweza kumeza zaidi ya GB 1 kwa saa. Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, kwa sababu picha za wenzako bado zinaingia. Kwenye Zoom kuna sehemu ya kuzuia video zinazoingia. Ukibaki na sauti tupu, kwa kawaida hufikishi MB 100 kwa saa. Chaji simu mapema, stima haina ahadi. Na kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua ya Nyambene ikianza kupiga mabati, hutasikia neno. Nimemwona dada mmoja aliyejipanga vizuri: maswali yake matatu alikuwa ameyaandika kwenye simu tangu asubuhi. Mvua ilipofunika sauti ya mwalimu, aliyanakili moja moja kwenye sehemu ya kuandikiana ujumbe, akajibiwa papo hapo kwa maandishi.

Malipo yapitie paybill ya taasisi, na PIN ya M-Pesa haihitajiki na mwalimu yeyote. Mwanafunzi akiwa mtoto, mzazi aketi karibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa.

Hapa naomba unisikilize sana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula hadi wafe ili wamwone Yesu. Mwalimu anayemtoa darasani mwenye swali gumu, au anayekutaka uikimbie hospitali, shule au jamaa zako, mwache siku hiyohiyo na umweleze mchungaji wako. Imani ya kweli haikimbii hospitali: hapa Maua imani ya Wamethodisti ilijenga hospitali ambayo mpaka leo inatibu watu.

Walimu wengi wa ng'ambo watakupa mifano ya mabishano ya vyuo vya Marekani. Yasikilize, kisha uweke mezani ya kwetu: kiapo, laana, baraza la wazee la Njuri Ncheke, mizimu. Msome pia John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, alitumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza Mwafrika anavyouona wakati. Wasomi wengi walimpinga, na mabishano yao yenyewe ni shule.

Yule kijana wa miraa hatimaye alijiunga na darasa. Siku ya tatu aliuliza swali lake. Mwalimu, aliyekuwa Uingereza, alinyamaza kidogo, kisha akamwomba awaeleze kwanza miraa ni nini. Akawaeleza: shamba, wavunaji wa alfajiri, majani ya mgomba ya kufungia, fungu linalopelekwa kwa baba wa binti anayeposwa. Nusu saa ikapita. Akapewa kazi ya wiki hiyo: aende kwa babu yake, amuulize mti ule ulikuwa wa nini kabla haujawa biashara, na arudi na jibu.