Mdogo Wangu, Ufunguo wa Siri Haupitii WhatsApp

Wadogo zangu wa chuo kilichoko Nchiru, na ninyi wa Chuo Kikuu cha Embu, najua wengi wenu mmeanza kupata kazi za kutunza seva: leo mfumo wa mauzo wa duka la agroveti mjini Meru, kesho hesabu za chama cha wakulima wa kahawa kule Runyenjes. Nawapongeza kwa dhati. Ila mkiingia humo kwa nywila, tena ile ile ya Facebook, roho yangu haitulii.

Seva ikishakuwa na anwani ya intaneti, programu za wezi huijaribu kwa nywila usiku na mchana. Haziulizi kama ni ya benki Nairobi au ya duka la Maua. Mtaalamu wa kompyuta Tatu Ylönen aliibuni SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, huko Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. SSH huficha mazungumzo yako na seva, lakini nywila dhaifu bado hukisiwa. Ndiyo maana nawasihi mtumie jozi ya funguo: mmoja wa umma, mwingine wa siri.

Ufunguo wa umma ni kama kufuli: litundike mlangoni, hata jirani akiliona si neno. Ufunguo wa siri hubaki kwenye laptopu yako. Seva inapotaka kukutambua, laptopu hutia saini kwa ufunguo huo, na ufunguo wenyewe hausafiri.

Fanya hivi. Kwenye laptopu yako, si kwenye kompyuta ya saiba, andika `ssh-keygen -t ed25519`. Ukiulizwa nywila ya kuulinda ufunguo, iweke. Laptopu ikiibwa kwenye matatu, itakuokoa. Kisha upeleke ufunguo wa umma kwa `ssh-copy-id`, ukitaja jina lako la mtumiaji na anwani ya seva.

Hapa usiharakishe, mdogo wangu. Fungua dirisha la pili, uingie kwa ufunguo. Ukiingia salama, ndipo uandike `PasswordAuthentication no` katika `/etc/ssh/sshd_config`. Kagua pia folda ya `sshd_config.d`, kwani faili iliyomo yaweza kuwa bado inaruhusu nywila. Ipakie upya huduma ya SSH, ujaribu tena, na dirisha la kwanza usilifunge mpaka uhakikishe. Ukijifungia nje, wakulima ndio watakaosubiri.

Mkiwa watatu kazini, kila mmoja awe na jozi yake. Mwenzenu akihama, mnafuta mstari wa ufunguo wake katika faili ya `authorized_keys` kwenye seva, na wengine wanaendelea na kazi. Bosi akikuomba umtumie faili ya ufunguo wako wa siri kwa WhatsApp, mkatalie kwa heshima, kisha umsaidie atengeneze jozi yake kwenye kompyuta yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Majina na malipo ya wakulima yamo mikononi mwako. Tengeneza ufunguo wako leo, kabla hujalala.