Ijumaa ya Kutembea Bila Kufilisika: Somo kwa Tulioko Mawaleh

Somo la leo ni la siku ya ofu. Wapo wanaodhani mtu anayeweka akiba hatakiwi kutoka nje. Tunalikataa hilo. Mkataba wa miaka miwili ni mrefu, na mtu anayeona jiko na varanda tu, au saiti na kitanda tu, huchoka roho kabla ya mwili. Akichoka roho, anaweza kuuvunja mkataba na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kutembea ni sehemu ya kazi. Tatizo ni kutembea bila hesabu.

Kwanza, hesabu

Tuseme kila Ijumaa unatumia riali 5: teksi ya peke yako, chakula cha hoteli, na kitu kidogo dukani. Kwa mwezi ni riali 20. Sasa panga hivi: safari moja ya mbali kwa riali 3, safari mbili za karibu kwa riali 1 na nusu kila moja, na Ijumaa moja ya kulala, kufua na kupiga simu nyumbani. Jumla ni riali 6. Umebakisha 14. Kwa miezi 24 ni riali 336, yaani zaidi ya dola 870, maana riali moja ni kama dola 2 na senti 60. Hiyo ni karo, au ni mabati ya nyumba. Na bado umetembea mara tatu kwa mwezi.

Kanuni yetu ni hii: mshahara ukiingia, tuma ya nyumbani na weka akiba kwanza, kisha tenga riali 6 kwenye bahasha. Ijumaa toka na pesa ya siku hiyo tu, kadi ya benki ibaki chumbani. Na tuma mara moja kwa mwezi, usitume vipande vipande, kwa sababu kila ukituma unakatwa ada.

Safari ya mbali: Mutrah

Panda basi jekundu la Mwasalat linaloelekea Ruwi, ukifika Ruwi badilisha la Mutrah. Nauli ni ya baisa, kila basi halifiki riali moja. Nenda alasiri, kwa sababu Ijumaa asubuhi maduka mengi ya soko la Mutrah huwa yamefungwa. Kutembea kando ya bahari ni bure. Ndani ya soko utanusa ubani na karafuu mpaka udhani uko Darajani, Unguja. Angalia dhahabu kwa macho. Kama hukuja na mpango wa kuinunua, usiulize bei.

Mwenye miguu aendelee na njia ya ufukweni kama saa moja, mpaka Muscat ya zamani. Pale ikulu ya Al Alam unaitazama kwa nje bila kulipa, na pembeni yake kuna ngome mbili, Jalali na Mirani, ambazo Wareno walizijenga miaka ya 1580. Aliyetoka Mombasa atazielewa haraka: Wareno hao hao walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Waomani waliwatoa Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Mombasa. Mtoto wako akikuuliza Oman kuna nini, utakuwa na cha kumsimulia zaidi ya vyombo na zege.

Safari za karibu

Soko na pwani ya Seeb ndiyo rahisi kwetu wa Mawaleh. Chukua teksi ya kuchangia, na kabla hujafunga mlango mwambie dereva unachangia na mpatane bei. Ukinyamaza, anaweza kukuhesabia umekodi gari zima. Jioni pwani ina upepo mzuri. Beba chapati na chai yako ya chupa.

Ya pili ni Qurum, kwa basi lile lile la kwenda Ruwi: kuna bustani kubwa na ufukwe mrefu. Kwa Waislamu, sala ya Ijumaa kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ni safari tosha. Wakristo wana makanisa Ghala na Ruwi yenye ibada siku ya Ijumaa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokutana na watu wa nyumbani.

Mambo ya kuangalia

- Bataka yako iwe mfukoni kila unapotoka.
- Dada wa kazi za ndani, waage wenyeji wako na uwaambie saa ya kurudi, kisha urudi saa hiyo. Ukiaminika leo, ni rahisi kuomba tena wiki ijayo. Kama huna ofu kabisa, anza kwa kuomba jioni moja, na siku ya kurefusha mkataba omba siku ya mapumziko iandikwe.
- Ukiitwa "njoo ufanye usafi Ijumaa kwa mtu mwingine", kataa. Kufanya kazi kwa asiye mwajiri wako bila kibali kunaweza kukurudisha nyumbani.
- Kuanzia Mei hadi Septemba toka jioni, na beba maji.
- Mvua ikinyesha, usikaribie wadi hata kama unaiona kavu. Maji hushuka kutoka milimani ghafla.
- Usipige picha za wanawake na familia za watu.

Zoezi la wiki hii

Andika kila baisa uliyotumia Ijumaa nne zilizopita. Zidisha jumla hiyo kwa miezi iliyobaki kwenye mkataba wako. Kisha andika pembeni kile ulichokuja kukitafuta Oman. Ukishaviona vyote viwili kwenye karatasi moja, panga Ijumaa yako ijayo. Tunawatakia matembezi mema.