Kupachika Hifadhidata ya XML Ndani ya Programu

Swali: Je, programu inaweza kubeba hifadhidata ya XML ndani yake bila kutegemea seva, na njia hiyo inafaa wakati gani?

Jibu: Inaweza. Hifadhidata ya XML hutunza nyaraka pamoja na muundo wake wa mti, ambamo kipengele kimoja hubeba vingine kama tawi libebavyo vitawi, badala ya kuzikatakata ili zienee katika safu za majedwali. Kuipachika ni kuiunganisha na programu kama maktaba ya msimbo, hivyo kwamba zote mbili huendeshwa katika mchakato mmoja wa kompyuta na maombi hayapiti mtandaoni. Berkeley DB XML iliundwa kwa njia hiyo, ilhali BaseX, iliyoandikwa kwa Java, huweza kupachikwa au kuendeshwa kama seva. Data huulizwa kwa XQuery, lugha ambayo toleo lake la kwanza liliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2007, na faharasa, yaani orodha ya mahali thamani zilipo, huepusha kupekua kila waraka.

Njia hii huifaa programu ya mtumiaji mmoja yenye nyaraka za miundo tofauti, kama vile kamusi au sheria. Hata hivyo, michakato miwili isiandike kwa pamoja katika hifadhidata moja ya BaseX iliyopachikwa, kwa kuwa data inaweza kuharibika. Waandishi wakiwa wengi, seva ndiyo salama, na data ikiwa ya mistari inayofanana, majedwali yanatosha.