Funika Maandishi Kwanza

Anayetaka kumzoesha mtoto wa chekechea kufikiri kifalsafa achukue kitabu cha picha, afunike maandishi kwa kiganja, aulize: "Hapa kuna nini?" Kisha: "Umejuaje?" Swali hili la pili ndilo lenye kazi. Asiyejua kusoma hana la kubishana na maandishi, atameza tu anachosomewa. Picha anaiona sawasawa na mwalimu, kwa hiyo anaweka kidole na kusema "kwa sababu ya hii", na mwenzake anaweka kidole pengine na kukataa. Hapo hoja na ushahidi vimeshakutana, herufi bado. Ndipo utafute swali ambalo picha haiwezi kulimaliza, na hapa Moshi maswali hayo yamejaa. Weka picha mbili za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ya zamani na ya leo. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha, na tofauti hiyo hata mtoto wa miaka mitano anaiona. Barafu ikiisha yote, huu ni mlima uleule? Anayesema ndiyo aonyeshe kilichobaki. Anayesema hapana aulizwe kama mtu akinyolewa anakuwa mtu mwingine. Au chora mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: migomba ya juu imestawi, ya chini imenyauka. Aliye karibu na chanzo ana haki ya kuanza? Hilo watu wazima wa mlimani hawajalimaliza.

Mwanasaikolojia Piaget aliwaona watoto wa umri huu hawajaiva kwa mambo ya namna hii. Mwaka 1980 Gareth Matthews, mwanafalsafa wa Marekani, alimjibu kitabuni kwa maswali ya watoto wenyewe, na mimi niko upande wake. Pingamizi zito ni la adabu: kesho mtoto atamwuliza babu "umejuaje?" Na amwulize, baada ya shikamoo. Heshima iko katika namna ya kuuliza, na babu mwenye sababu haogopi kuulizwa. Wengine husema vitendawili vinatosha. Sikubali, maana jibu la kitendawili analo mtegaji, ukishindwa unampa mji. Kuhusu uhaba wa vitabu, vya mradi wa Children's Book Project, ulioanza 1991, havifiki kila shule, lakini kitabu kimoja kikiinuliwa juu kinatosha, hata chaki na ubao. Kinachonisumbua kweli ni darasa lililofurika, ambapo watano wanasema na wengine wanasinzia. Hapo wagawe wawili wawili, wabishane kwanza wao kwa wao, nawe unyamaze.